Ndege Hakuchelewa: Maneno Matatu katika Tafsiri ya Elimu ya Viumbe

Mfasiri wa elimu ya viumbe hukabiliwa na matatizo ya namna mbili: dhana zisizo na maneno katika Kiswahili, na dhana ambazo maneno yake yapo lakini hutumiwa mahali pasipo pake. Tatizo la kwanza limekwisha kuandikwa mara nyingi. La pili halisemwi sana, nalo lina hatari zaidi, kwa sababu msomaji huielewa sentensi upesi bila ya kutambua kwamba ameelewa jambo jingine.

Tumepata kusoma rasimu ya tafsiri ya sura moja ya kitabu cha shule inayohusu majira ya ndege waimbaji: wakati wanaposafiri na wakati wanapolea makinda. Lugha yake ni fasaha, na mfasiri anastahili sifa kwa kuepuka maneno ya kigeni yasiyo ya lazima. Hata hivyo, maneno matatu aliyoyachagua yamebadili maana ya sura nzima.

Sura hiyo yaeleza habari za ndege mdogo mla wadudu, kwa Kilatini Ficedula hypoleuca, ambaye hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ya Ulaya, kisha huenda Ulaya kutaga. Wataalamu Christiaan Both na Marcel Visser walimchunguza huko Hoge Veluwe, nchini Uholanzi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001. Baina ya 1980 na 2000 joto la majira ya machipuko liliongezeka, na viwavi, ambao ni chakula kikubwa cha makinda, walianza kutokea mapema zaidi. Ndege nao walitaga mapema kwa kadiri ya siku 10, lakini siku zao za kufika kutoka Afrika hazikusogea. Waliweza tu kupunguza muda baina ya kufika na kutaga, na hilo halikutosha.

Neno la kwanza ni uhamiaji. Kwa mwananchi wa kawaida, neno hili ni la mipakani na la hati za kusafiria. Isitoshe, anayehama hufungasha vyombo vyake na kuiacha nyumba. Ndege huyu huenda na kurudi kila mwaka. Kuhamahama nako hakufai, kwani ni kwa mfugaji anayefuata mvua na malisho popote yalipo. Pwani yetu inayo dhana iliyo karibu zaidi. Mabaharia waliokuja na kaskazi na kurejea na kusi hawakuwa wahamiaji. Safari zao zilikuwa za msimu. Twapendekeza, basi, safari za msimu, na mwenye kuzifanya aitwe ndege wa msimu.

Neno la pili ni kuzaa. Rasimu yasema kwamba ndege "walizaa mapema kwa siku 10". Je, ni mayai yaliyotagwa au ni makinda yaliyoanguliwa? Baina ya mambo hayo mawili ndege huatamia kwa takriban majuma mawili, na viwavi huhitajiwa hasa baada ya makinda kutoka mayaini. Mwalimu atakayechora jedwali la tarehe ubaoni kwa kufuata neno hili atakosea. Kiswahili kina kutaga, kuatamia na kuangua, kila moja na zamu yake. Kwa shughuli nzima, tangu kujenga kiota hadi makinda kuruka, kuzaliana kunatosha.

Neno la tatu ni kuchelewa, na hapa ndipo penye kosa kubwa. Rasimu yasema ndege "huchelewa kufika". Mwanafunzi akisoma hivyo atauliza kwa nini ndege hafanyi haraka, na sababu ya maafa ataitafuta kwa ndege mwenyewe. Lakini ndege huondoka Afrika kwa kuongozwa na saa iliyomo mwilini mwake na kwa urefu wa mchana, wala hana njia ya kujua joto la Uholanzi likoje. Yeye alitimiza miadi; miadi ndiyo iliyosogezwa. Gharama yake si ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika misitu ambamo viwavi walitokea mapema zaidi, idadi ya ndege hawa ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 90 katika miongo miwili.

Neno tunalolipendekeza ni kupishana. Watu wawili wakipishana njiani, hakuna wa kulaumiwa. Kila mmoja amefuata njia yake na saa yake. Jina lake liwe pishano la majira. Yaweza kusemwa kwamba kupishana kuna maana nyingine pia, kama vile kutofautiana kwa maoni. Ni kweli, lakini neno majira laondoa utata huo.

Jambo hili haliwahusu walimu peke yao. Mtumishi wa serikali anayeandika taarifa juu ya tabianchi atahitaji dhana hiyo hiyo kwa mvua na mazao, na akiandika kuchelewa pale penye pishano, shauri litakalotolewa nalo litapotoka. Istilahi haisimami kwa idhini ya ofisi peke yake. Twawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya darasani na katika kazi zao, kisha watueleze yalikokwama.