Bakora, Kipenga na Pilipili

Tangu mwaka 2022, vijana waliojulikana kwa jina la Panya Road walipozusha tena hofu katika mitaa ya Dar es Salaam kwa mapanga yao, swali moja nimelisikia kila mahali, barazani, msikitini, hata kwenye foleni ya benki: abebe nini mtu atembeaye usiku? Na kila anayelijibu hulijibu kama shabiki wa mpira anavyoitetea timu yake. Mwenye bakora husifu bakora. Mwenye mtoto Ulaya husifu kile alicholetewa. Mimi nimeona ni heri vitu hivi vihakikiwe kama tunavyohakiki vitabu, kwa kuulizwa maswali magumu, wala si kwa kusifiwa jalada. Swali langu ni hili: kitu hiki kitafanya nini kikikosa shabaha, au kikinyang'anywa na yule yule kilichokusudiwa kumzuia? Maana silaha yoyote hupendeza ikiwa mkononi mwa mwenyewe na adui amesimama tuli.

Nianze na bakora, kwani ndiyo ya kwetu na ndiyo niijuayo zaidi. Watu wa pwani wameichezea tangu zamani. Kirumbizi cha Lamu ni ngoma, lakini atazamaye miguu ya wachezaji ataona humo elimu nzima ya kukinga na kukwepa. Huko Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu hucharazana kwa mabua ya migomba mahali pa magongo ya zamani, na nadhani aliyeleta badiliko hilo alikuwa na busara kuliko wengi wetu. Fimbo ya mtobwe imesifika. Ya mpingo ni nzito mno, kwa kuwa mpingo ni mti ambao kipande chake huzama majini. Sifa kuu ya bakora ni masafa. Humweka mtu mbali kiasi cha hatua mbili, na mbwa humweka mbali zaidi. Tena ina ngazi: waweza kuinyosha tu, waweza kugonga nayo chini, waweza kumchapa mtu ugokoni akaghairi, na katika hayo yote hakuna aliyepoteza uhai. Na mkononi mwa mzee haihitaji maelezo mbele ya askari yeyote.

Nduguye rungu simsifu. Ni kitu cha heshima kwa Wamasai, na Wakenya walimzoea Rais Moi akiwa na lake mkononi kwa miaka yake yote 24 ya utawala, lakini uzito wote wa rungu umekaa kichwani mwake, nao hutafuta kichwa cha mtu. Rungu halijui kuonya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa mtu haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu; sasa niambie, msomaji, pigo la rungu kwenye utosi utalipimaje usiku, mikono ikitetemeka?

Lakini bakora nayo ina aibu yake. Haiingii mfukoni, na msichana wa miaka ishirini na tano akipanda nayo daladala, abiria wote watamgeukia. Kwa hiyo wengi wanaouliza swali hili bakora haiwafai.

Kisu nitakipitia upesi, kwani hakistahili zaidi. Ili kimfae mtu ni lazima adui awe karibu kiasi cha kukumbatiana, na hapo ndipo hasa mtu hatakiwi kuwa. Kikinyang'anywa, hakina uaminifu kwa aliyekinunua. Jambia la Waomani ni zuri, limo hata katika nembo ya taifa lao, lakini siku hizi ni vazi, na kama vazi nalipenda. Huko Uingereza sheria huruhusu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kuulizwa sababu. Wengi husahau kwamba ruhusa hiyo ni ya kukata kamba na kumenya chungwa. Ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, hata kidogo kiasi gani, ni silaha.

Kuna tena kijiti cha funguo, kitu cha urefu wa sentimita 14 hivi, kilichoenezwa tangu miaka ya 1970 na mwalimu wa karate Takayuki Kubota na kuitwa kubotani. Wanaokijua hukitumia vizuri kubana mifupa ya mkono wa adui. Wanaokijua! Asiyefundishwa amebeba kalamu isiyoandika. Vivyo hivyo wale wanaoambiwa wapachike funguo katikati ya vidole wapige ngumi: ufunguo husukumwa nyuma, na kinachoumia kwanza ni kiganja cha mwenye funguo.

Pilipili ya kupuliza ndiyo inayosifiwa kuliko vyote, basi nayo nitakaa nayo kidogo. Binti wa jirani yangu, muuguzi anayetoka zamu usiku, alitumiwa kopo moja na ndugu yake wa Marekani, akanijia: "Shikamoo babu, hiki kitanifaa?" Nilimweleza kama nielezavyo hapa. Ndani yake mna mafuta yaliyokamuliwa katika pilipili, na kiini chake ni kapsaisini, kile kile kinachotuwasha mezani. (Ndege hawausikii ukali huo, ndiyo maana kuku hudonoa pilipili za uani kama mtama.) Kikimpata mtu machoni, macho hujifumba yenyewe, kikohozi humshika, na taabu hiyo huweza kudumu nusu saa au zaidi, kisha hupita, naye huona tena. Hili ni jambo kubwa. Ni kitu adimu chenye kumzuia mtu bila kumvunja.

Sasa kasoro zake. Upepo wa bahari haumjui mwenye haki, ukivuma kinyume pilipili ni yako. Kopo la kutoa ukungu ndilo baya zaidi kwa hilo. La kutoa mchuruziko huhimili upepo, lakini hutaka shabaha. Ndani ya daladala huwapata wote, pamoja na mtoto mgongoni na mwenye pumu. Maji matupu hayaiondoi vizuri kwa kuwa ni mafuta. Kopo lina tarehe ya mwisho, kwani msukumo wake huvuja polepole, na lililosahauliwa mkobani miaka mitano laweza kutoa kikohozi chake lenyewe na lisitoe kitu kingine. Na asafiriye nalo kwenda London ajue kwamba huko, kwa sheria ya mwaka 1968, limewekwa fungu moja na silaha zilizokatazwa. Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Hii huwasha hata asiyeila.

Tochi ndogo yenye mwanga mkali ni ya heshima kuliko wengi wanavyoidhani. Haimzuii mtu zaidi ya sekunde chache, lakini kazi yake kubwa ni kumfanya asithubutu, kwa kuwa amekwisha kuonwa. Na hukuonyesha shimo la maji machafu, ambalo katika mtaa wangu limevunja miguu mingi kuliko vibaka.

Hukumu yangu naipeleka kwa kipenga. Vile vya zamani, kama alivyovitengeneza Joseph Hudson mjini Birmingham tangu karne ya 19, huwa na kijipira cha kizibo ndani, nacho hukwama kikilowa mate. Mwaka 1987 Ron Foxcroft wa Kanada, aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, alitoa kisicho na kijipira, na hicho hulia hata kikiwa kimelowa. Kikikosa, hakikumjeruhi mtu. Kikinyang'anywa, mwizi amepata kipenga. Hata mtoto wa miaka saba hukiweza.

Ila kipenga huita watu, na hapa ndipo penye hatari ambayo wauzaji hawaiandiki kwenye pakiti. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na mwano, na sungusungu wa miaka ya 1980 waliujenga ulinzi wao juu ya ukulele huo. Mjini tuna neno "mwizi". Mtu akilitamka kwa sauti saa tatu usiku, hujui watakaokuja ni akina nani, wala wamebeba nini. Magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, nasi tumezoea jina hilo kana kwamba ni cheo. Kati ya vyote nilivyovipima, marungu, visu na pilipili, sijaona kilichoua wengi kama neno hilo, na waliouawa hawakuwa wezi wote.

Kwa hiyo yule binti nilimwambia abebe tochi na kipenga, na pilipili akipenda, katika mfuko wa nje, si chini ya mkoba. Kamba ya kipenga isivaliwe shingoni, kwani hukabia. Ifungwe kwenye kiganja. Na watu wakitokea apige kelele, "Nisaidieni, naumizwa," ataje na mtaa alipo.