Rangi Inayozimwa Saa Kumi Jioni

Kila siku ilipofika saa kumi jioni, kwenye ukumbi mmoja wa makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, projekta zilizimwa. Michoro mitano mikubwa ya Mark Rothko, ambayo dakika moja kabla ilikuwa imekolea rangi ya damu ya mzee, ikabaki imepauka, sehemu nyingine zikiwa na buluu hafifu kama jinzi ya zamani. Hakuna aliyeigusa. Kilichoondoka ni mwanga tu.

Maonyesho hayo yalifunguliwa Novemba 2014 yakafungwa Julai 2015. Mimi sikuyaona kwa macho yangu, nimeyafuata kwenye maandishi. Lakini kwa sisi tunaoshinda maabara tukipima rangi, kazi ile bado ni mfano ambao kila mtu huuleta kwenye mjadala, na mara nyingi huletwa kwa sifa tupu: “sayansi imerudisha rangi za Rothko.” Leo nataka tuikague sentensi hiyo. Nadhani kazi ilikuwa nzuri, na nadhani sentensi hiyo si kweli.

Yaliyoipata michoro

Rothko aliichora michoro hii mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ombi la Harvard. Alichora sita, mitano ikatundikwa mwaka 1964 kwenye chumba cha kulia chakula ghorofa ya juu ya jengo lililoitwa Holyoke Center. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa na mandhari ya kupendeza, na watu wanaokula hupenda mandhari. Mapazia yakawa yanafunguliwa, jua likawa linaingia.

Kwenye wekundu wake Rothko alitumia rangi ya viwandani iitwayo Lithol Red, akaichanganya na buluu ya ultramarini. Lithol Red haivumilii mwanga. Buluu ile inavumilia. Kwa hiyo wekundu ulipokufa taratibu, buluu ilibaki peke yake, na kila mchoro ukapauka kwa namna yake kulingana na ulivyokaa mbele ya dirisha. Kufika mwaka 1979 michoro yote ilikuwa imeondolewa na kupelekwa ghalani. Rothko mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1970.

Hebu jiulize ungefanya nini hapo. Kupaka rangi mpya juu? Rothko hakuweka vanishi juu ya michoro hii, kwa hiyo rangi mpya ingezama ndani ya ile ya zamani na usingeweza kuitoa tena. Ungekuwa umeokoa wekundu na kumpoteza Rothko. Ndiyo maana michoro ilikaa gizani miaka mingi.

Kikao cha wajumbe watatu

Wazo la kutumia projekta linatokana na jambo ambalo tunalisahau kila siku: rangi ni kikao cha wajumbe watatu, yaani mwanga, kitu na jicho. Mmoja asipofika, akidi haijatimia. Kama kitu hakiguswi na jicho halibadilishwi, anabaki mjumbe mmoja wa kuongea naye, naye ni mwanga.

Kwenye kupima, kifaa chetu cha kila siku ni spektrofotomita. Hupiga mwanga unaofahamika kwenye sehemu ndogo ya kitu, kisha hupima kiasi gani kimerudi katika kila urefu wa wimbi, kwa kawaida kati ya nanomita 400 na 700. Matokeo hayo tunayabana kuwa namba tatu: ya kwanza inasema rangi ina weupe au giza kiasi gani, ya pili iko upande wa kijani au wekundu, ya tatu upande wa buluu au njano. Mfumo huu ulipitishwa kimataifa mwaka 1976. Ukiwa na rangi mbili, unapima umbali kati yake kama unavyopima umbali wa pointi mbili kwenye jometri ya sekondari. Umbali huo tunauita delta E. Ukiwa karibu 1 au 2, jicho zuri ndiyo linaanza kushtuka, rangi zote mbili zikiwa zimewekwa sako kwa bako.

Timu ya wahifadhi wa Harvard, pamoja na wataalamu wa kamera na projekta wa MIT, ilifanya hesabu ya aina hiyo kwa kila kipande cha mchoro. Rangi inayotakiwa ni ipi, iliyopo ni ipi, basi mwanga gani ukiangushwa hapa utajaza pengo? Kila taswira ya fidia ilikuwa na pikseli zaidi ya milioni 2, maana mchoro haukupauka sawasawa. Hapo lazima niwavulie kofia.

Lakini hiyo “inayotakiwa” ilitoka wapi?

Hapa ndipo ukaguzi wetu unapoanza kuuma. Mwaka 1964 hakuna aliyepima michoro ile kwa spektrofotomita. Kilichokuwepo ni slaidi za rangi zilizopigwa wakati huo, na slaidi nazo zilikuwa zimepauka, kwa sababu filamu ya rangi nayo ni rangi. Zilirekebishwa kwa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Kisha akapatikana shahidi wa pili: ule mchoro wa sita, ambao haukutundikwa kwenye chumba kile na ulikuwa umebaki mikononi mwa familia ya Rothko. Huo haukuota jua la chumbani. Ukawa rejea.

Nieleze shahidi huyu kwa kanga. Mama yangu ana kanga aliyoipata siku ya harusi yake, ikakaa imekunjwa juu ya kabati karibu na dirisha kwa miaka mingi. Nilipoikunjua siku moja nikakuta upande wa nje umepauka kuwa pinki ya kuchoka, na ndani ya mkunjo wekundu bado unang’aa. Niliomba niipeleke maabara. Nilipima nje, nikapima ndani, nikapata delta E kubwa na furaha ya mtafiti. Niliporudi nyumbani nikamwambia mama sasa najua ilivyokuwa. Akaishika, akaiangalia ndani ya mkunjo, akasema, “Hapana mwanangu. Hata hapa ilikuwa imeiva zaidi.”

Sikuwa na jibu. Mkunjo ulizuia mwanga, haukuzuia miaka. Na kumbukumbu ya mama nayo huenda imeikoleza kanga, kama kumbukumbu zetu zote zinavyofanya. Nilikuwa na namba yenye desimali mbili juu ya tofauti kati ya leo na leo. Kuhusu siku ya harusi, nilikuwa na makadirio mazuri tu.

Michoro ya Harvard iko hivyo hivyo. Vipimo vya hali ya sasa vilikuwa sahihi. Rangi ya mwaka 1964 ilikuwa hukumu, iliyojengwa juu ya filamu iliyotibiwa na mchoro ndugu. Ni hukumu ya watu makini, mimi nisingeweza kutoa iliyo bora. Lakini hukumu ikishapitishwa kwenye pikseli milioni 2 huanza kuvaa nguo za kipimo, na mtazamaji hana namna ya kutofautisha.

Jicho la nani?

Zile namba tatu zina mjumbe aliyefichwa ndani yake: jicho la wastani. Jicho hilo liliwekwa rasmi mwaka 1931, likatokana na majaribio mawili yaliyofanywa Uingereza miaka ya 1920, moja likiwa na watu 10 na jingine watu 7. Watu 17 kwa jumla! Limetumika vizuri sana tangu wakati huo, sitaki kulidharau. Lakini kila ninaposema “rangi hizi mbili ni sawa”, maana yake ni kwamba ni sawa kwa jicho hilo, chini ya mwanga fulani. Ukibadilisha taa, huenda zikaachana. Nenda dukani ulinganishe uzi na kitambaa chini ya taa ya duka, kisha toka nao juani. Fundi cherehani yeyote anakijua kisa hiki bila spektrofotomita.

Projekta inafanya kazi ndani ya pengo hilo hilo. Inachanganya nyekundu, kijani na buluu mpaka jicho likubali. Haifanyi ukuta urudishe mwanga ule ule ambao Lithol Red changa ilirudisha. Tena, Rothko alicheza na mng’ao na ukavu wa uso wa mchoro, sehemu moja ikimeremeta kidogo, nyingine ikimeza mwanga. Hilo ni suala la jinsi uso ulivyo, na taswira ya fidia haiwezi kulirudisha. Anayesimama mbali anapata rangi, anayesogea karibu anakutana na uso uliozeeka.

Kwa nini bado naisifu

Kwa sababu ya saa kumi jioni. Wangeweza kuziacha projekta ziwake hadi mlango wa mwisho ufungwe, na mgeni angeondoka akiamini amemwona Rothko wa 1964. Badala yake walizima, wakaacha mtu aione hali halisi: huu ndio mchoro, ule ulikuwa mwanga wetu. Kwangu mimi tendo hilo la kuzima lina uaminifu wa kisayansi kuliko hesabu zote za pikseli, kwa sababu linaonyesha mpaka kati ya kilichopimwa na kilichokadiriwa.

Ningetaka waende hatua moja mbele. Kama kuna sehemu ya mchoro ambayo makadirio yana shaka kubwa, nionyeshe. Weka matoleo mawili ya fidia, moja lenye wekundu kidogo zaidi, niyaone yote mawili, nijue upana wa shaka. Sisi watafiti huweka alama za makosa kwenye kila grafu. Sioni kwa nini ukuta wa makumbusho usiwe nazo.

Na somo kubwa zaidi halimo hata kwenye projekta. Kazi yote ile, akili zote zile, ilikuwa ni kulipia kipimo ambacho hakikuchukuliwa mwaka 1964. Siku hizi kuna kifaa kinachoangusha mwanga mkali kwenye doa dogo kuliko nusu milimita na kuonyesha rangi itapauka kwa kasi gani, kabla haijapauka. Hata bila kifaa hicho, picha yenye kadi ya rangi pembeni, tarehe na aina ya taa iliyotumika ni ushahidi utakaomsaidia mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kwa hiyo kabla hujafunga ukurasa huu, fikiria kitu kimoja cha rangi nyumbani kwenu ambacho kingekuuma kikipauka. Kipige picha leo, mchana, kivulini, na karatasi nyeupe pembeni. Kisha kiondoe dirishani.

Kanga ya mama nimeirudisha kabatini, ndani ya sanduku. Namba zake ninazo kwenye daftari, na pembeni yake nimeandika neno lake: “ilikuwa imeiva zaidi.” Sijui niliweke kwenye safu ipi ya jedwali, lakini sijalifuta.