Mfano wa Umeme: Tuupime kwa Maji ya Koni

Ndugu msomaji, kama umekaa katika parokia moja ya upande wetu wa Likasi, labda umekwisha kuusikia mfano huu. Mungu ni kama santrali ya umeme. Neema yake ni umeme wenyewe. Sakramenti ni waya. Roho ya mkristu ni ampuli. Mtu akitenda dhambi, waya inakatika na ampuli inazimika. Akiungama, waya inafungwa tena na mwanga unarudi. Kisha mhubiri anasema: basi, tuchunge waya zetu. Watu wanaitika Amina, na mahubiri yamekwisha.

Mimi pia niliutumia mfano huo, na wenzangu waliusifu. Leo nataka kuupima, si kwa kumcheka mtu. Sisi tunaojifunza kazi ya kuhubiri twapenda sana kuokota mafundisho katika mambo ya kila siku, lakini mara chache twauliza kama jambo lile tuliloliokota tunalijua. Pahali pazuri pa kuupima mfano wa umeme ni Koni, kwa maana pale umeme unazaliwa.

Kwanza tuseme wema wake. Mhubiri huyu hakuchota maneno katika vitabu vya teolojia na kuyamwaga juu ya vichwa vya watu. Alitazama kitu wanachokiona, akakifanya mlango wa kuingilia. Katika hilo anamfuata Bwana mwenyewe. Fungua Injili ya Mateo, sura ya 13: utakuta mpanzi, magugu, punje ya haradali, chachu, hazina ya shambani, lulu na wavu wa samaki. Hakuna hata kimoja kilichotoka mbali. Hapa kwetu pia, Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933, alitambua kwamba katekismu ya kujibu kwa kichwa haitoshi. Alikaa na watu, akawasikiliza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Na katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, kutoka mazungumzo yale ikazaliwa Jamaa. Watu wamebishana sana juu ya Jamaa, na mabishano yale si kazi yangu leo. Nataka tushike neno moja tu: yeye alisikiliza kwanza, akafundisha nyuma.

Sasa twende Koni. Mto Lufira unafika kwanza Mwadingusha. Pale watu walijenga ukuta, maji yakajaa na kufanya ziwa tunaloliita Tshangalele. Santrali ya pale ilianza kazi mwaka 1930. Maji yakiisha kuzungusha mashini za Mwadingusha, yanarudi mtoni, yanashuka, na baada ya kilometa chache yanafika Koni. Santrali ya Koni ilianza mwaka 1950. Yote mbili zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya viwanda vya shaba, maana shaba yetu husafishwa kwa nguvu ya umeme. Hata leo sehemu kubwa ya umeme wa Katanga inakwenda kwenye shaba. Mashini za Mwadingusha zilipofanywa upya na kuwashwa tena mwaka 2021, zilifanywa kwanza kwa ajili ya machimbo mapya ya upande wa Kolwezi.

Sisemi hayo kama lawama. Nataka tuone kitu chenyewe kabla ya kukifanya mfano.

Siku moja nilikwenda na katekista katika kijiji kimoja ambacho waya kubwa zinapita juu yake. Nilihubiri ule mfano wa santrali na ampuli. Nilijiona nimehubiri vizuri. Baada ya sala mama mmoja mzee aliniletea kiti, akanipa maji ya kunywa, akaniambia kwa upole: “Fratri, mwana wangu, waya hizi zinapita juu ya nyumba yetu tangu nilipokuwa mtoto. Sisi tunawasha petroli. Sasa niambie: waya ilikatika wapi? Aliyetenda dhambi ni nani, ni sisi ao ni wao?”

Sikuwa na jibu. Nilicheka kidogo, naye akacheka kwa kunisaidia. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa maana niliona mfano wangu umemwambia mama yule neno baya ambalo sikukusudia kulisema.

Tupime basi. Kosa la kwanza ni la kutojua. Tunasema Mungu ni santrali, kana kwamba santrali ina nguvu yake yenyewe. Haina. Mashini ya Koni, hata ikipakwa mafuta vizuri namna gani, bila maji haizunguki. Santrali inapokea nguvu, inaigeuza, inaitoa saa ileile; haiwezi kuiweka ghalani kama mahindi. Kumbe anayefanana na santrali ni padri, ni mzazi, ni Kanisa lenyewe: vyote vyapokea kabla ya kutoa. Tulimweka Mungu pahali pa mashini, tukasahau maji.

Kosa la pili ni zito zaidi. Katika Kongo nzima, ni kama mtu 1 tu kati ya 5 anayepata umeme. Wengine wote, akina mama wanapika bukari na sombe kwa makala, na watoto wanasoma kwa taa ndogo. Ukisema neema ni kama umeme, msikilizaji atafuata mfano mpaka mwisho wake: neema inatoka karibu na kwetu, inapita juu ya vichwa vyetu, inakwenda kwa wenye nguvu na wenye kulipa. Na sisi tuliobaki gizani, labda ndisi tuliokata waya. Hayo si mafundisho ya Kanisa. Ni kinyume chake. Neema haiuzwi, na Bwana alipokuja aliwapelekea maskini Habari Njema kwanza.

Kosa la tatu: ampuli haifanyi kitu. Inangoja tu. Mkristu si ampuli. Ameitwa kujibu, kuchagua, kushindana na moyo wake.

Mtu atasema: “Ndugu, unasumbua mambo. Kila mfano una mpaka wake. Watu wetu wanataka maneno mepesi, hawachunguzi hivyo.” Ni kweli kwamba kila mfano una mpaka. Lakini si kweli kwamba watu hawachunguzi. Mama yule hakusoma shule kubwa, naye aliuchunguza mfano wangu kabla sijamaliza kunywa maji. Anayeishi chini ya waya anaijua waya kuliko mimi ninayeisoma katika daftari.

Tena, tutazame namna ya Bwana. Siku moja yeye mwenyewe alitaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Hilo lilikuwa jambo la kila siku, habari ya mji. Mhubiri mwepesi angeokota fundisho mara moja: waliokufa walikuwa wenye dhambi kupita wengine. Yezu alikataa. Kwanza aliwaondolea wafu lawama ile, kisha akawageukia walio hai na kuwaita watubu. Hakuwatumia maskini wale kama kuni za kuwasha mahubiri yake. Na nabii Natani, alipomsimulia Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, hakumfurahisha mfalme. Alimfanya mfalme ajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Mfano mzuri hauishii kwa Amina ya haraka. Unamshika msikilizaji, na mara nyingi unamshika mhubiri kwanza.

Basi tuutupe mfano wa umeme? Hapana. Turudi Koni tuutazame upya, kwa maana pale kuna fundisho tulilolipita bila kuliona.

Tazama maji. Mwadingusha inayatumia, lakini haiyali. Inayaachilia, na maji yaleyale yanashuka kufanya kazi ya pili Koni. Aliye juu amefaidika, na aliye chini hakupungukiwa. Lakini aliye juu akiyafunga maji, aliye chini anasimama, hata kama mashini zake ni mpya. Hapo tunaweza kusema juu ya neema bila kusema uwongo: tulipewa bure, inatufanyisha kazi, haikomi kwetu, na lazima ishuke kwa ndugu aliye chini yetu. Hapo baba wa jamaa atajiuliza kama imani aliyopokea imefika kwa watoto wake. Hapo sisi waseminari tutajiuliza: elimu hii yote tuliyopewa, ni nani kule chini anayeingoja, nasi tumefunga mlango?

Tazama tena waya ile juu ya kijiji. Tusiifiche. Tuihubiri kama ilivyo. Lazaro alikaa mlangoni kwa tajiri, na tajiri hakumpiga wala hakumtukana. Alipita tu, kila siku. Waya inayopita juu ya nyumba yenye giza yatuuliza swali lilelile: je, mimi pia nampita nani? Kwa swali hilo mama yule si mkosaji tena. Amekuwa mwalimu wetu.

Niongeze neno moja. Hatari ya mifano ni kwamba inaweza kutufanya tufikiri kazi yetu imekwisha tukipata maneno mazuri. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichooza. Akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 15 Juni 2025. Magunia yale yangeweza kutolewa mfano juu ya roho iliyooza. Yeye aliyatazama kama chakula cha watu, akawafikiria watakaokila, akasema hapana. Fundisho la kikristu lilikuwa ndani ya magunia yenyewe, kwa mtu aliyefanya kazi yake kwa kweli.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukiokota jambo la kila siku tujiulize mambo matatu kabla ya kupanda mimbarani. Je, nakijua kitu hiki, ao nimekisikia tu? Je, maskini akisikia mfano huu mpaka mwisho wake, atajiona mtoto wa Mungu ao mkosaji? Je, mfano huu wanidai mimi kitu kabla ya kuwadai wengine?

Nilirudi katika kijiji kile baada ya miezi michache. Sikuhubiri juu ya umeme. Nilimwomba mama yule anieleze namna anavyochagua makala, ni gani yanayoshika moto na gani yanayotoa moshi tu. Alinifundisha muda mrefu, nami nilisikiliza. Mahubiri yangu juu ya makala hayajawa tayari.