Laana, Sifa na Uhakiki: Mfano wa David Maillu

Neno "hakiki" lina nasaba moja na maneno "haki" na "hakika". Kwa asili yake, basi, anayehakiki kazi ya mwenzake hutakiwa kuichunguza hadi auone ukweli wake, kisha aitendee haki. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, neno hili limebebeshwa mizigo miwili isiyokuwa yake: wako wanaolichukulia kuwa ni kulaani, na wako wanaolichukulia kuwa ni kusifu. Makala haya yanashikilia kwamba laana tupu na sifa tupu ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu zote mbili humwacha msanii pale pale zilipomkuta. Uhakiki wenye manufaa ni ule unaompa mwandishi jambo la kufanya atakaporudi mezani pake. Mfano unaotumika hapa ni wa David Maillu, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Kilungu, katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos kabla ya sehemu ile kugawanywa na kuwa Makueni mwaka 1992.

Hukumu ya miaka ya 1970

Kuanzia mwaka 1973 Maillu alitoa, kwa kampuni yake mwenyewe ya Comb Books mjini Nairobi, mfululizo wa vitabu vidogo vya Kiingereza: Unfit for Human Consumption, My Dear Bottle, After 4:30 na vinginevyo. Maudhui yake yalitoka katika maisha ya mjini: mshahara unaoishia katika pombe, mlevi anayezungumza na chupa yake, mpiga taipu anayetakwa na bwana mkubwa wa ofisi saa za kazi zikiisha. Vitabu hivi vilinunuliwa kwa wingi na watu ambao fasihi ya darasani haikuwafikia. Mwaka 1976 vilipigwa marufuku nchini Tanzania. Nchini Kenya, wasomi wengi, Chris Wanjala akiwa miongoni mwao, waliilaumu fasihi ya aina hii, na neno "takataka" likawa ndiyo hukumu iliyozoeleka.

Si kusudi la makala haya kudai kwamba lawama ile haikuwa na msingi. Tatizo ni kwamba hukumu ya "takataka" haina mlango wa kutokea. Kwanza, haionyeshi mahali: je, ubovu uko katika dhamira, katika wahusika, au katika lugha? Pili, haiulizi kazi yenyewe ilikusudia nini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mhakiki aliyelelewa kwa riwaya za mtaala huitazama hadithi ya kilabuni na kuilaumu kwa kutokuwa riwaya ya mtaala. Tatu, hukumu hiyo haisemi na mwandishi, bali inasema na wasomi wenzake walioketi upande mmoja. Mwandishi anayeambiwa kazi yake ni taka ana njia mbili tu, kunyamaza au kupuuza, na kwa mwandishi ambaye vitabu vyake vinauzwa, kupuuza ni rahisi zaidi.

Lawama ile ile ingeweza kusemwa kwa namna nyingine. Kazi hizi zinajinasibisha na maonyo: mlevi na mzinzi huishia vibaya, na msomaji anatarajiwa ajifunze. Mhakiki angeweza kuhesabu ni kurasa ngapi zinazokaa na kishawishi na ni ngapi zinazokaa na matokeo yake, kisha akauliza kama mahubiri ya mwishoni yanaweza kuubeba mzigo uliolundikwa tangu mwanzo. Vivyo hivyo kuhusu fani. My Dear Bottle na After 4:30 zimeandikwa kwa mishororo mifupi, na msomaji hukumbuka mara moja Song of Lawino ya Okot p'Bitek ya mwaka 1966. Lakini Lawino huwaza kwa vitu vya nyumbani kwake, navyo ndivyo vinavyoipa sauti yake uzito. Basi swali la kumpa Maillu ni hili: mpiga taipu huyu anawaza kwa vitu gani vya ofisi yake, na ni wapi sauti yake inapozimwa na ya mwandishi? Swali hili ni kali kuliko neno "takataka", lakini linajibika kwa kalamu.

Somo la Wamunyu

Machakos yenyewe ina mfano wa kazi hii. Uchongaji wa vinyago wa Wamunyu, ambao asili yake huhusishwa na Mutisya Munge aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni sanaa ya kupunguza. Gogo likishakatwa halirudishiwi nyama yake. Kwa hiyo onyo linalomfaa mchongaji ni lile linalokuja mapema na linalogusa mahali maalumu: mguu huu umeanza kuwa mwembamba, mti huu una ufa upande huu. Kusema kwamba twiga ni mbaya baada ya kupigwa msasa hakumsaidii aliyemchonga. Wala kumsifu kwa kuwa ni wa kwetu hakumsaidii, maana mguu mwembamba utavunjika hata ukisifiwa.

Suala la lugha

Mwaka 1989 Maillu alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kinachochanganya Kiingereza na Kiswahili kama jina lake linavyotangaza. Kwa walezi wa Kiswahili, jibu la haraka ni kwamba anaiharibu lugha. Jibu hilo nalo halina mlango. Yafaa kuulizwa: ni nani anayechanganya, akisema na nani, na wakati gani? Je, bwana na mtumishi huchanganya kwa kipimo kimoja? Ikiwa msimulizi anachanganya sawasawa na wahusika wake, mchanganyiko huo unapoteza uwezo wa kutofautisha tabaka na tabaka. "Kiinua mgongo" ni malipo ya anayeacha kazi, na ndani yake mna picha ya mtu aliyeinama miaka mingi na sasa anainuliwa. Mhakiki anayemwonyesha mwandishi kwamba nguvu ya jina hilo iko upande wa Kiswahili amempa kipimo cha kupimia sentensi nyingine zote za kitabu.

Hitimisho

Mhakiki, basi, ana wajibu wa mambo matatu: kueleza kwa uaminifu kazi inajaribu nini, kuonyesha kwa mifano mahali inapofaulu na inapokwama, na kusema lile linaloweza kurekebishwa. Wajibu huu haupunguzi ukali, unaupa shabaha. Tangu mwaka 2016 Machakos ina chuo kikuu chake kamili, na wanafunzi wa huko, kama wa kwingineko Afrika Mashariki, wataombwa kusoma miswada ya watu ambao hawajawahi kuchapishwa. Wengi wa waandishi hao watapata msomaji mmoja tu wa makini kabla ya kukata tamaa. Msomaji huyo akitoa laana, mswada utarudi sandukuni. Akitoa sifa, utachapishwa na makosa yake. Akihakiki, huenda ukaandikwa upya.