Elphaba, Mchawi Aliyenyimwa Msamaha

Katika hadithi ya L. Frank Baum ya mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, Mchawi wa Magharibi hana hata jina. Ana jicho moja na roho mbaya, basi. Gregory Maguire, kwenye riwaya yake Wicked (1995), akamwita Elphaba, akampa na utoto: binti mwenye ngozi ya kijani, baadaye mwanafunzi anayeumia kuona Wanyama wanaozungumza wakinyang'anywa haki zao.

Hapo utadhani anamsafisha. Wala! Elphaba huyu ana hasira, na Liir, mtoto anayekulia nyumbani kwake, hamjali. Alikwenda kumwomba msamaha Sarima, mjane wa mpenzi wake. Sarima akakataa hata kumsikiliza. Miaka inapita, Dorothy anakuja kwake kuomba msamaha uleule, naye anapandwa na wazimu. Nguo yake inashika moto, Dorothy anammwagia maji ili amwokoe, na maji ndiyo yanayomuua.

Tamthilia ya muziki ya 2003 inamponya na kifo hicho. Inafurahisha, sawa, lakini mimi nabaki na kitabu: kinanifanya nimhurumie bila kunilazimisha nimtetee.