Thieta, drama au tamthilia? Niliyojifunza katika jumba lisilo na paa

Wanafunzi wangu hapa Kakamega wakisikia neno "thieta", mawazo yao hukimbilia hospitalini. "Ameingizwa thieta" maana yake mtu kaenda kupasuliwa. Siwalaumu. Ukitaja "drama" macho yanang'aa: hiyo ni tamasha ya shule, basi la safari, nyimbo njiani na mavazi ya kuazima. Lakini sema "tamthilia" uone nyuso zinavyokunjamana. Tamthilia ni kitabu cha mtihani, bwana. Ni dondoo, wahusika na maudhui.

Nilikuwa na fumbo hilo kichwani nilipozuru Unguja na kwenda Vuga, Mji Mkongwe, kulitazama jumba la Majestic. Jumba la kwanza mahali hapo lilifunguliwa mwaka wa 1921 kwa jina la Royal. Lilisanifiwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora jengo la Mahakama Kuu hapo Vuga. Liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1955 likafunguliwa upya kama Majestic, safari hii kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania. Nilipofika mimi, paa halikuwepo. Jua lilipiga moja kwa moja mahali ambapo zamani watu waliketi gizani.

Nje nilimkuta mzee mmoja, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza walikuwa wakitazama filamu gani humu. Akacheka. "Za Kihindi khasa. Lakini wewe waniuliza senema tu. Sisi tukija hapa kutazamana. Siku ya Jumapili, nguo mpya, marashi, mji mzima umo humu."

Kutazamana! Mwalimu wa sarufi atakwambia kuwa -ana- ni kiambishi cha kauli ya kutendana, kisha atoe mfano wa "pigana" na "pendana", basi. Mzee yule alikitumia kueleza jambo ambalo vitabu vyetu vya fasihi vimelipoteza. Mtu anaweza kutazama peke yake, hata kwenye simu kitandani. Kutazamana kunahitaji wenzako wafike.

Na tazama neno tunalolitumia kuwataja wenzako hao: hadhira. Ni ndugu wa "hudhuria" na "mahudhurio". Hadhira ni watu waliohudhuria, waliokuja kwa miguu yao. "Ukumbi" nao, kabla haujawa jengo la mikutano, ni sehemu ya nyumba anapopokelewa mgeni. Tamthilia yenyewe iko katika ukoo mmoja na mithili, methali na tamathali: jambo linafananishwa na jingine ili mtu alione. Ukiyasikiliza vizuri maneno haya, yote yanadai kuwepo kwa watu.

Sasa fungua vitabu vingi vya kiada vya shule zetu. Fasihi simulizi ina hadhira, fasihi andishi ina wasomaji. Maigizo yanawekwa katika simulizi, tamthilia inatupwa katika andishi, mstari unapigwa katikati. Kwa maoni yangu mstari huo una madhara. Umeinyang'anya tamthilia hadhira yake kwa kalamu tu. Mwanafunzi anasoma Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kana kwamba ni riwaya iliyochapwa vibaya, yenye majina pembeni. Maelekezo ya jukwaa anayaruka, kwa sababu kwake hayana alama.

Kuna watakaonipinga, na hoja yao si dhaifu. Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka wa 1971, inamlipa vizuri msomaji aliyejifungia chumbani. Nakubali. Wengine watasema shule zetu hazina kumbi, na Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka wa 1952, iko mbali kule Nairobi. Hapo sikubali. Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea jukwaa mwaka wa 1977, halina paa pia, wakaigiza kwa Kigikuyu. Serikali ililibomoa mwaka wa 1982. Sidhani kwamba walitumwa kubomoa mbao na nguzo. Walitumwa kuwatawanya watu waliozoea kukutana pale na kutazamana.

Niliporudi, niliwaambia Kidato cha Tatu tuyasogeze madawati ukutani. Tukachukua Bembea ya Maisha, mmoja akawa Sara, mwingine Yona, waliosalia wakaketi sakafuni kuwazunguka. Kijana aliyekuwa Yona ndiye huyo huyo anayepata alama za juu katika dondoo; anajua sifa zote za mhusika wake, ameziorodhesha daftarini. Akaanza kusoma, kisha akanyamaza, akamwangalia Sara, akaliangalia darasa lote lililokuwa limemkodolea macho.

"Mwalimu," akaniuliza, "Yona anasimama wapi?"

Nimefundisha kitabu hicho tangu kilipoteuliwa, na sikuwa na jibu. Tukalitafuta kipindi kizima.