Kukamata au Kuokota? Istilahi za Roboti na Mrundikano wa Vitu
Baadhi ya tafsiri tulizozipitia kuhusu roboti zinazofundishwa kutoa kitu kimoja kutoka kwenye lundo la vitu vilivyochanganyika husema kwamba roboti “hukamata vitu katika fujo”. Hatuna budi kuikosoa tafsiri hiyo. Anayekamatwa ni mwizi, au kuku anayekimbia; kikombe kilichofunikwa na vitambaa hakimkimbii mtu. Fujo nazo huletwa na watu, si na vitu vilivyolaliana sandukuni.

Tumfikirie mwalimu wa Titye, wilayani Kasulu, ambaye wanafunzi wake wengi wamelelewa kwa Kiha. Kwa tafsiri hiyo atawaeleza nini zaidi ya habari za polisi? Lakini akisema “kuokota”, watamkumbuka mama achambuaye maharage kwenye ungo: jicho huiteua kokoto, vidole hutafuta pa kushika, na punje za jirani hazitawanyiki. Hiyo ndiyo kazi ya roboti. Kwa hiyo twapendekeza kazi nzima iitwe kuokota; namna vidole vinavyokaa juu ya kitu iitwe mshiko; na hali ya vitu kulaliana iitwe mrundikano. Twajua kwamba mitaani mshiko ni fedha. Hata hivyo, muktadha utazitenga maana hizo, kama unavyomtenga mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya mafunzo na ujifunzaji. Mwaka 2016 watafiti wa Google walieleza jinsi mikono ya roboti, kati ya 6 na 14, ilivyojaribu kuokota vitu zaidi ya mara 800,000 katika muda wa miezi miwili. Hakuna aliyeiandikia kanuni ya kila kitu. Mashine ilibashiri, ikakosa, ikarekebishwa na matokeo yake. Mafunzo ni mifano na majaribio inayopewa. Ujifunzaji ni badiliko linalotokea ndani yake. Mfasiri aandikaye kwamba roboti “iliamriwa kushika” amelifuta jambo lenyewe lililo jipya.

Hasara yake si ndogo. Msomaji atadhani mashine hujua yote, wala hatauliza ilifunzwa kwa vitu gani. Roboti iliyofunzwa kwa vifaa vya ofisini si lazima iyaweze maharage ya Kasulu. Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi, kisha watuletee maoni yao.